Shimo Lililojenga Nyumba Yetu

Msomaji, nyumba niliyokulia ilitoka shimoni. Usidhani nasema kwa fumbo. Kila jiwe la kuta zake lilichongwa katika timbo lililokuwa hatua mia mbili nyuma ya uga wetu, huko Kisauni, bara ya Mombasa upande wa kaskazini. Na waliochonga walikuwa baba yangu na ami yangu, kwa sururu, shoka na mtaimbo, jioni baada ya kazi na siku za Jumapili. Chokaa iliyounganisha mawe hayo ilitoka katika timbo lilo hilo, maana vipande vilivyovunjika havikutupwa. Vilipangwa juu ya kuni vikachomwa mpaka vikawa unga mweupe. Nyumba ilipokwisha tulihamia ndani yake kwa furaha, na shimo tukaliacha pale pale lilipokuwa. Nataka nikueleze habari za shimo hilo, na za shimo jingine kubwa zaidi lililo jirani, kwa sababu kwa muda wa miaka mingi nimekuwa nikiyapima mawili hayo moja kwa jingine, na hesabu yake haijatulia moyoni mwangu.

Ukitoka Likoni mpaka Kisauni, nchi yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Katika zama za kale mno, maelfu mengi ya miaka kabla ya mji wowote kujengwa hapa, bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, na viumbe wadogo wa baharini walijenga kuta zao ndani ya maji, kizazi juu ya kizazi. Bahari iliporudi nyuma, kuta hizo zilibaki nchi kavu zikawa mawe. Pasua jiwe la Kisauni leo, nawe utaona ndani yake alama za makombe na matawi ya matumbawe kana kwamba yalikufa jana. Changamwe hali ni nyingine. Ukivuka Makupa kwenda bara, ardhi hugeuka ikawa ya mfinyanzi na mawe laini ya matabaka. Nitalitaja tena jambo hilo, kwa kuwa mfinyanzi nao una kazi yake katika habari hii.

Jiwe la tumbawe lina tabia njema kwa fundi. Likiwa bado na unyevu wa ardhini hukatika kwa urahisi, na likikaa juani hushika ugumu. Wazee wetu waliijua tabia hiyo, wakajenga kwalo misikiti na majumba ya pwani nzima. Wareno nao walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, waliijenga juu ya mwamba huo huo na kwa mawe ya mwamba huo huo. Basi kila mji wa mawe una mashimo yake mahali fulani. Wanaosifu majumba ni wengi. Aulizaye mashimo yake yako wapi ni adimu kupatikana, na mimi pia nisingaliuliza kama si jambo lililotupata.

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, masika yalinyesha siku nyingi mfululizo. Mwamba wa matumbawe kwa kawaida hunywa maji ya mvua upesi, kwa maana una matundu mengi, lakini chini ya timbo letu tope na vumbi la kuchongea mawe vilikuwa vimeshikamana, maji yakatuama. Likawa bwawa la rangi ya kijani, zuri la kutazama. Mtoto wa ami yangu, aliyenizidi mwaka mmoja, alishuka kuogelea adhuhuri ya siku ya Jumamosi. Kingo za timbo hazikuwa na mteremko. Zilikatwa wima kama ukuta, kama mawe yalivyotolewa, na mahali pa kupandia palikuwa pamoja tu, napo palikuwa pamekwisha kuwa utelezi mtupu. Mimi nilikuwa juu, nimeshika nguo zake. Nimeyasimulia mara nyingi yaliyofuata, na kila mara nimeona kwamba hayana haja ya maneno mengi. Alizama, nikapiga kelele, watu wakaja, na waliomtoa walikuwa wawili wale wale waliolichimba timbo.

Siku ya mazishi wako waliosema kwamba ilikuwa kudura ya Mungu, na sina la kubishana nao. Wengine, kwa sauti ya chini, walitaja methali ya mchimba kisima anayeingia mwenyewe. Niliisikia, na iliniuma. Methali hiyo husemwa juu ya mtu mwenye hila, na baba yangu hakuwa na hila, alitaka nyumba. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kosa lilikuwa wapi. Kazi ya timbo ilihesabiwa kuwa imekwisha siku ile mawe yalipotosha. Hakuna aliyefikiri kwamba shimo nalo ni sehemu ya nyumba, kama mlango au paa, na kwamba lina ujenzi wake. Baba alilizungushia boma la miiba, na boma likaliwa na mchwa. Hakulitaja tena kwa ulimi wake mpaka alipofariki. Ami yangu hakukanyaga tena upande ule wa uga.

Sasa twende pamoja mwendo mfupi kaskazini, mpaka Bamburi. Huko kampuni ya saruji iliundwa mwaka 1951, na kiwanda chake kikaanza kutoa saruji mwaka 1954. Saruji hutengenezwa kwa jiwe la chokaa, ambalo ndilo tumbawe letu, likisagwa pamoja na udongo wa namna ya mfinyanzi, kisha vikachomwa katika tanuri kwa moto wa kadiri ya digrii 1,450. Hutoka madonge magumu yaitwayo klinka, nayo husagwa tena pamoja na jasi kidogo yakawa unga wa kijivu uujuao. Utaona, basi, kwamba baba yangu na kampuni ile walikuwa na kazi moja. Tofauti ilikuwa ya ukubwa: baba alikuwa na sururu, wao walikuwa na baruti na mitambo. Shimo la baba lilijenga nyumba moja, na lao lilijenga miji.

Jiwe linapotolewa kwa namna hiyo huondoka na vyote vilivyokuwa juu yake, miti na udongo, nyoka na ndege. Kinachobaki ni sakafu nyeupe inayoumiza macho, yenye moto wa kikaango wakati wa adhuhuri, na chini yake kidogo tu kuna maji ya chumvichumvi, maana wachimbaji hukoma karibu na usawa wa maji ya ardhini. Juu hakuna udongo, chini kuna chumvi. Ungeulizwa upande nini hapo, ungejibu nini? Kwa karibu miaka ishirini jawabu lilikuwa kutopanda kitu.

Kampuni ile ilikuwa imemwajiri tangu mwaka 1959 Mswisi mmoja aitwaye René Haller, mtaalamu wa bustani na kilimo. Mwaka 1971 alianza kujaribu miti katika timbo. Fikiri tarehe hiyo. Mkutano mkubwa wa kwanza wa mataifa juu ya mazingira, ule wa Stockholm, ulikuwa bado mwaka mmoja mbele, na sheria kuu ya mazingira ya Kenya ilikuwa bado miaka 28. Haller alipanda miti ya aina 26. Baada ya miezi michache zilibaki aina tatu: mnazi, mti mmoja wa nchi za Somalia uitwao damasi, na mvinje. Aina 23 zilikufa. Nalipenda hesabu hiyo, kwa sababu husemwa mara chache. Tukisimuliwa habari za kazi iliyofaulu, aghalabu huanzia pale ilipofaulu, na mwanafunzi akadhani kwamba wenye akili hawakosei.

Hapa twende polepole, kwa kuwa hapa ndipo penye elimu. Mvinje unaujua, ni mti mrefu wa pwani wenye majani kama nyuzi, ambao upepo ukipita hulia kama mtu anayevuta pumzi. Huota mchangani, na chumvi haiutishi. Lakini siri yake kubwa iko mizizini. Mizizi hiyo hukaribisha vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo hutwaa naitrojeni iliyo hewani na kuigeuza chakula cha mti. Kwa hiyo mvinje unaweza kuishi mahali ambapo ardhi haina cha kuupa. Katika timbo la Bamburi mivinje ilikua upesi, ikatoa kivuli, na joto la sakafu likapungua.

Ndipo shida ya pili ikatokea. Nyuzi za mvinje zilidondoka zikalala chini, tabaka juu ya tabaka, bila kuoza. Zina ukali ule ule unaopatikana katika magome ya kutengenezea ngozi, na vijidudu vya kuozesha havipendi ukali huo. Palikuwa na miti pasipo udongo, na msitu usio na udongo ni kama nyumba isiyo na jiko. Aliyeleta dawa alikuwa jongoo. Nakuomba usicheke, au cheka, kisha uendelee kusoma. Yuko jongoo mkubwa mweusi mwenye miguu myekundu, yule ambaye watoto wa pwani humgusa kwa kijiti ili ajikunje kama sarafu. Haller aligundua kwamba jongoo huyo alikuwa akizila nyuzi kavu za mvinje. Basi majongoo walikusanywa kwa mamia wakatiwa timboni. Walikula, wakatoa samadi yao, na katika samadi hiyo vijidudu vya udongo vikapata mahali pa kuanzia. Kidogo kidogo juu ya mwamba ule mtupu ukatokea udongo mweusi. Ulikuwa wa kina cha vidole vichache tu, lakini ulitosha mbegu za miti mingine ya pwani kushika.

Yaliyofuata nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa watalii wameyaeleza sana. Mabwawa yalichimbwa, wakafugwa perege na mamba. Wakaletwa twiga, pofu na choroa. Mwaka 1984 mahali pale palifunguliwa kwa watu wote, mwaka 1987 Haller aliingizwa katika orodha ya heshima ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu Nairobi, na mwaka 1999 bustani ikapewa jina la Haller Park. Dunia iliijua zaidi kwa sababu ya kiboko mchanga aliyeokolewa karibu na Malindi mwezi wa Desemba 2004, siku za ile tsunami, akaletwa hapo, akamfuata kobe mkongwe kila aendako kana kwamba ni mamaye. Ni habari nzuri, na vitabu vimeandikwa. Hata hivyo, kwangu mimi jongoo ana habari kubwa kuliko kiboko.

Nilikwenda huko mara ya kwanza mwaka 1986, nikiwa mwalimu kijana, pamoja na wanafunzi wangu. Tulitembea chini ya mivinje. Nilisahau kwa muda kwamba tulikuwa chini ya usawa wa nchi, mpaka nilipoinua macho nikaona ukuta wa mwamba umesimama wima nyuma ya majani. Niliijua sura ya ukuta ule. Magoti yangu yalilegea, nikajifanya kufunga kamba ya kiatu. Wakati huo msichana mmoja, ambaye kwao hapakuwa mbali na kwetu, aliniuliza, "Mwalimu, timbo la wenye mali limepandwa miti. Letu lile atalipanda nani?" Nilimpa jibu la walimu wasiojua: nikamwambia tuendelee, muda wetu umekwisha.

Usifikiri kwamba nakuandikia sifa tupu za Bamburi. Msitu wa leo si ule uliokuwa juu ya mwamba kabla ya baruti, wala hautakuwa. Tena, jiwe la chokaa likichomwa hutoa hewa ya kaboni kutoka ndani yake lenyewe, mbali na moshi wa moto wake, na saruji ya dunia nzima huhesabiwa kuwa na sehemu ya kama asilimia 7 au 8 ya hewa hiyo inayotoka katika kazi za wanadamu. Miti ya timbo moja haiwezi kulilipa deni hilo. Jambo la tatu ni kwamba bustani ile ina mlango, na mlango una kiingilio, na wako majirani wengi ambao hawajawahi kuona ndani. Pia mali hubadilisha mwenyewe. Mwezi wa Desemba 2024 kampuni ya Bamburi iliingia mikononi mwa Amsons, kampuni ya Tanzania. Miti haijui hati za hisa. Inataka mtunzaji kila mwaka, awe nani.

Siku hizi sheria inasema yale ambayo Haller aliyafanya pasipo kuambiwa. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka athari za mradi zichunguzwe kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Sheria ya madini ya mwaka 2016 inamtaka mwenye leseni aonyeshe jinsi atakavyoitengeneza ardhi baada ya kuchimba, na aweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kazi hiyo. Neno dhamana lanipendeza hapo. Maana yake ni kwamba gharama ya shimo huhesabiwa siku ya kwanza, pamoja na gharama ya mawe.

Ukivuka kivuko cha Likoni utakuta gati iliyojengwa kwa ajili ya mchanga mzito wa Kwale, wenye madini ya titani na zirikoni. Kampuni ya Base Titanium ilianza kuusafirisha ng'ambo mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma mwishoni mwa mwaka 2024. Huko udongo wa juu uliwekwa kando kabla ya kuchimba, ili urudishwe baadaye. Kama umerudi vema au la, ni mapema kuhukumu. Bamburi ilichukua miaka 13 tangu mche wa kwanza mpaka mlango kufunguliwa. Kwa kipimo hicho, anayetaka kuihukumu Kwale na arudi mwaka 2037. Wewe utakuwako.

Lakini sheria hizo humshika mwenye leseni, na matimbo madogo ya watu kama baba yangu yametapakaa Kisauni na Likoni bila leseni, mengine yamesahauliwa hata na waliyoyachimba. Baba alipofariki, mwaka 2009, letu likawa langu. Majirani walikuwa wamekwisha kulifanya jaa. Niliandika barua kwa ofisi moja. Akaja kijana mwenye kamba ya kupimia, akapima, akaandika, na sikumwona tena. Hapo nikalikumbuka swali la yule msichana, ambalo nilikuwa nikilikimbia kwa muda wa miaka 23.

Kazi niliyoitanguliza haikuwa miti. Mimi na wanangu tulibomoa ukuta mmoja wa timbo kwa mitaimbo, tukaumwaga kifusi ndani yake, mpaka upande ule ukawa mteremko ambao mtoto anaweza kuupanda kwa miguu akitoka majini. Kazi hiyo ilituchukua miezi miwili. Kisha tulipanda mivinje 40. Mpaka mwisho wa kiangazi ilikuwa imekufa 31, na ile iliyobaki ilikuwa ya manjano. Afisa mmoja wa misitu akanieleza kosa langu: vile vijidudu vya mizizini havikuwamo katika udongo wa miche. Akaniambia nichote udongo chini ya mvinje uliokomaa, niuchanganye na udongo wa miche mipya. Nilifanya hivyo, nikapanda 40 mingine, na katika hiyo 27 imesimama mpaka leo, mirefu kupita paa la nyumba.

Nyuzi zake zilidondoka zikalala, kama nilivyokwisha kuambiwa. Zilipofika kifundo cha mguu, niliwatangazia watoto wa mtaa kwamba kila atakayeniletea jongoo mwenye miguu myekundu atapata peremende. Waliniletea kwa makopo, kwa kofia, na mmoja kwa mfuko wa sare yake ya shule, jambo ambalo mamaye alikuja kunishtaki. Sasa ukifukua chini ya mivinje kwa kidole utapata udongo mweusi. Ni wa kina cha ukucha. Nimepima.

Ami yangu yu hai, ana miaka tisini kasoro kidogo. Mwaka jana, baada ya sala ya alasiri, aliniambia nimshike mkono. Sikumuuliza tunakwenda wapi. Tuliushuka mteremko polepole, fimbo yake ikitangulia, mpaka tukafika chini. Alisimama kivulini kwa muda, akiusikiliza upepo. Kisha akausogelea ukuta wa upande wa pili, ule ambao hatukuubomoa, ambao bado una alama za shoka tangu siku zile. Alizipapasa kwa kiganja, moja baada ya moja, akaanza kunionyesha zipi zilikuwa za baba na zipi zilikuwa zake. Zake zote zililalia kushoto.